Kiti cha Visitación

Visitación wa akina Jivu aliondoka kijijini kwetu Navalcardo akiwa na miaka kumi na minane, na aliyemsindikiza hadi kwenye basi ni mama yake mzazi, Engracia. Alimfungia mkate na soseji kwenye kitambaa, akamnyoosha kola ya koti, akainyoosha tena, utadhani inayosafiri ni kola. Nilikuwepo. Nyumba zetu zinatazamana, na Visi alikuwa shoga yangu tangu tulipokuwa tunaogeshwa katika beseni moja. Niliona kwa macho yangu haya, wakati huo hayajaingia mtoto wa jicho. Basi mtu asiniletee kitabu, hata kama kimepewa tuzo Madrid, akaniambia kwamba siku ile Engracia alimfungia binti yake mlango na kumwambia asirudi tena.

Lakini ndivyo kitabu kilivyosema, na aliyekiandika ni Nerea, mtoto pekee wa Visi, aliyezaliwa Bilbao na ambaye hapa kijijini hakuwahi kukanyaga.

Kilitufikia kwa gari la maktaba, lile linalosimama uwanjani kati ya kanisa na baa. Tuna kundi letu la kusoma: wajane kadhaa, mimi Orosia mwenye sauti ya kusomea wenzangu, na mzee Saturio, ambaye huja kwa ajili ya biskuti. Mwanzoni tulifurahi kama watoto. Si kila siku kijiji ambacho watu wake wote wanaenea kwenye baa moja kinaandikwa kitabuni. Kila tulipotambua kitu tulipiga makofi: kisima, mteremko wa kanisa, bibi anayeosha nywele kwa maji ya majivu. Tulipofika kwenye ukurasa wa mlango, makofi yakaisha.

"Huyo bibi ni nani?" akauliza Saturio.

"Ni hadithi tu, mzee. Majina yamebadilishwa."

"Amebadilisha jina, pua ameiacha palepale. Huyo ni Engracia."

"Engracia hakuwa hivyo!" nikasema.

"Kwani mimi nimesema alikuwa? Usinifokee, sikuandika mimi. Mimi hata kusoma nasomewa."

Na ubaya wenyewe ni kwamba kimeandikwa vizuri. Kingekuwa kibovu tungekifutia madirisha. Nilipousoma ule ukurasa, kwa kitambo nikamchukia yule bibi, kabla sijakumbuka kwamba ndiye aliyenifundisha kupika supu ya vitunguu saumu. Sasa mfikirie msomaji wa Sevilla au wa Valencia, ambaye hana supu ya kumkumbusha.

Huku kwetu kiangazi, jua likishalegea, kila nyumba hutoa viti vyake mlangoni, tukapunga upepo na kuwasengenya waliochelewa kufika. Kila mtu ana kiti chake, na kila kiti kina mahali pake. Mwaka Visi alipoondoka, Engracia alitoa viti viwili: chake, na cha binti yake, kile kifupi cha nyasi za kusuka chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Viangazi vya mwanzo Visi alikuja, na viatu vyake vya mjini na harufu ya sabuni ya dukani, akakikalia. Kisha akaolewa, akaacha kuja. Kiti hakikuacha kutoka. Mgeni akitaka kukikalia, Engracia alimwambia bila ukali, "Samahani, hicho kina mwenyewe." Alisema hivyo mpaka kiangazi chake cha mwisho. Huyo mwenyewe hata mazikoni hakuja. Lilikuja shada la maua meupe, kubwa kuliko jeneza, na sote tukaona aibu kulitazama.

Mara moja tu Engracia alimfuata bintiye kule Bilbao. Nerea alikuwa ndio kwanza anaanza kutembea. Engracia alipanda basi na kuku hai kwenye kikapu, maana mtu haendi kwa mwanawe mikono mitupu, na kesho yake akarudi.

"Mbona upesi hivyo?" nikamuuliza.

"Nyumba yao nzuri, lakini mimi usingizi wa ugenini siuwezi."

"Na Visi je?"

"Kanipokea kama malkia. Hata bahari kanipeleka kuiona."

"Ikoje?"

Akafikiri kidogo. "Kubwa," akasema.

Hakwenda tena, wala hakuitaja tena bahari.

Maisha ya Visi ya kule niliyajua kwa vipandevipande, kwa wale waliokwenda kufanya kazi viwandani wakarudi kustaafu. Alianza kama mtumishi wa ndani, akaingia kiwanda cha karatasi, akampata mume, Joseba, mtoto wa mwenye duka la dawa. Watu wenye jina. Na miaka ile watu wenye jina hawakutupenda sisi tuliotoka huku kwenye vumbi; walitucheka tunavyosema, walitucheka tunavyokula, walisema tumekuja kuwajazia mji. Visi akakata nywele. Akakata na lafudhi. Akawaambia wakweze kwamba marehemu baba yake alikuwa karani mjini Salamanca, mtu ambaye maisha yake yote alichunga kondoo na kalamu aliishika siku ya ndoa tu. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kukaa na mama mkwe wa Bilbao. Hadi hapo nilimwelewa. Uongo wa karani haukumuumiza mtu, hata marehemu angecheka.

Mlango ndio ulioniuma.

Meya alimwalika Nerea aje azungumze juu ya kitabu chake wakati wa sikukuu ya Agosti. Tangazo likabandikwa kwenye baa, na chini yake, kama kawaida: kila mtu aje na kiti chake. Nikalisoma lile neno la mwisho, nikapata wazo, na sikujiuliza mara mbili. Nilikwenda stoo nikakitoa kiti cha nyasi, ambacho nilikihifadhi nyumba ya Engracia ilipofungwa. Nikakipangusa, nikakibeba hadi uwanjani kabla watu hawajafika, nikakiweka safu ya mbele kabisa, kitupu. Engracia hakuwa na wa kumsemea, na kitabu kilishatapakaa nchi nzima. Basi angalau hapa alipozaliwa na kuzikwa ajulikane alivyokuwa, na aliyemzulia aufute uongo wake mbele ya watu. Hilo ndilo nililolitaka. Nililitaka kwa hasira, sitaki kujisifu.

Nerea alikuja na mama yake. Visi alishuka garini kwa fimbo, nywele fupi za rangi ya dukani, miwani ya bei. Lakini alipoanza kupanda ule mteremko, mwendo ulikuwa wa Engracia mtupu, bega la kushoto limetangulia. Saturio, ambaye siku hizi anaona vivuli tu, akamzuia kwa swali ambalo hapa kwetu kila sura mpya huulizwa.

"We mama, wewe ni wa nani?"

Visi alinitazama. Alinijua mara moja, nikaona. Kisha akajibu kwa lafudhi safi kama ya mtangazaji wa redio, "Mimi ni mama wa mwandishi."

"Sikuuliza hilo," akasema Saturio, lakini mwenzake alishapita.

Kiti hakuwa nacho. Akaenda kusimama nyuma, ameegemea ukuta wa kanisa, na wote tuliokuwa na umri wa kumkumbuka tukajifanya tunapigana na inzi.

Nerea ni mtu mzima mwenye sauti ya chini, na nitasema haki yake: nilimpenda. Alisema, "Shuleni Bilbao walinikumbusha kila siku kwamba jina la ukoo wa mama si la kule. Nikimuuliza mama sisi ni watu wa wapi, ananiambia sisi si watu wa popote, bibi yako alitufungia mlango. Basi nikaushika huo mlango. Wenzangu wana shamba kijijini, wana nyumba ya babu, wana makaburi ya kufagia siku ya watakatifu. Mimi nina mlango uliofungwa. Nimeandika kitabu kizima ili niseme kwamba na mimi nimetoka mahali."

Watu wakapiga makofi, wengine wakitazama chini. Nikasimama.

"Mwanangu, mimi naitwa Orosia, nyumba ya mbele ya bibi yako. Hiyo habari ya mlango nani alikuambia?"

"Ni mama aliyeniambia, shangazi. Nani mwingine?"

"Basi mama yako aje akae, amesimama sana. Kiti chake kile pale."

Uwanja wote ukageuka. Visi alikiona. Alikuja taratibu katikati ya watu, fimbo ikigonga mawe, akasimama mbele yake akiutazama ule mguu wenye waya.

"Hiki ni cha mama," akasema.

"Cha mama yako kililiwa na mchwa, tukakichoma. Hicho ni chako. Alikitoa kila jioni ya kiangazi mpaka mwisho wake, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Muulize yeyote hapa."

"Kweli kabisa," akasema Saturio. "Mimi kanifukuza mara nyingi, tena na mgongo wangu huu."

Mmoja wawili wakacheka. Visi aliushika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili, fimbo ikaanguka, na hakuna aliyeiokota.

"Orosia," akasema, "mama aliporudi kutoka kwangu, alikuambia nini?"

"Kwamba ulimpokea kama malkia. Ulimpeleka kuiona bahari."

Hapo lafudhi ya redio ikamtoka. Alisema kama tunavyosema sisi, kama tulivyokuwa tukisema tukiwa kwenye beseni.

"Bahari hakuiona. Hata sebule yangu hakuiona. Mama mkwe alikuwa na wageni wake, wanakunywa kahawa. Nafungua mlango, namwona mama na kitambaa chake cheusi na kuku wake kwenye kikapu. Mama mkwe akauliza, nani huyo? Nikasema, ni mama mmoja wa mashambani, huwa ananiletea kuku. Mbele yake, Orosia. Nilisema hivyo namtazama machoni."

"Na yeye?"

"Akasema, 'Kuku wako huyu hapa, mama.' Ananiita mama, kama mteja! Mama mkwe akauliza bei. Akajibu, 'Ameshalipiwa huyu.' Nerea akatokea, ananishika sketi. Mama akamgusa kichwani kwa kidole kimoja, kidole kimoja tu, akasema, 'Mtoto wenu mzuri.' Halafu akashuka ngazi. Mlango niliufunga mimi. Nilitaka nimkimbilie wageni wakiondoka, wageni hawakuondoka. Nikasema nitakwenda kiangazi nikamwombe radhi. Kiangazi kikija, uso sina. Alipokufa, uso sina. Kila siku nilijichukia, na kila siku ikawa vigumu zaidi."

Nerea alikuwa bado amesimama pale mezani, kitabu mkononi.

"Na mimi?" akasema. "Mimi kwa nini uliniambia ni yeye?"

"Kila Agosti ulikuwa unaniuliza kwa nini hatuendi kwa bibi. Nikaona heri umchukie yeye, humjui, kuliko kunichukia mimi."

"Nilikupa ukisome kabla hakijachapwa. Kwa mkono wangu, mama. Ulilia."

"Nililia."

"Nikadhani kimekugusa."

"Kilinigusa, mwanangu."

Nerea alikitazama kitabu chake, kile chenye picha ya mlango kwenye jalada, akakiweka mezani kwa uangalifu, kama kitu cha mtu alichoazimwa. "Nimezunguka nchi nzima," akasema, "nikimtukana mwanamke aliyekuwa anatutolea kiti." Akapita katikati yetu kuelekea kwenye gari. Visi akamwita. Hakusimama, ila alisema, "Si leo, mama." Tukalisikia gari likiteremka mpaka barabara kuu.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Visi ilikwenda miaka arobaini na ushei, ikapata na mchapishaji. Na mimi niliyetaka kuikatisha nilikuwa nimeikatisha, na sikuona utamu wowote. Maana nilielewa pale pale, huku bado nimesimama. Engracia alilijua neno lile la mlangoni maisha yake yote. Akalifunika kwa malkia na kwa bahari, ili sisi huku tusije tukamcheka binti yake. Hakumwambia padri, hakuniambia mimi. Na mimi, kwa kujidai namtetea, nimelifunua uwanjani, siku ya sikukuu, tena kwa kiti chake mwenyewe. Niliona haya, na haya yenyewe hayajanitoka.

Hapo Saturio, ambaye masikio nayo yameanza kumfuata macho, akauliza kwa sauti, "Jamani, si mtu aniambie! Huyu ni wa nani?"

Visi alijifuta uso kwa kiganja. "Wa Engracia," akasema. "Wa akina Jivu."

"Si ungesema tangu pale chini! Karibu. Kaa basi."

Hakukaa. Alikinyanyua kiti kwa mgongo wake, akaanza kukibeba kuelekea nyumbani kwao, mwanamke yule mzee bila fimbo, akipumzika kila hatua chache. Nilitaka kumsaidia. Aliniangalia, nikaacha.

Bilbao hakurudi. Alinijia kuchukua ufunguo, akafungua nyumba, akafagia popo na mavi ya panya, na sasa moshi unatoka tena kwenye bomba la akina Jivu. Joseba alishafariki, hana mwingine kule isipokuwa mtu mmoja, na huyo hapokei simu. Mara moja moja Visi hunijia nimsaidie kumenya vitunguu, na huwa hatuongei sana. Siku moja tu alisema, bila kunitazama, kwamba kitabu kinachapwa tena. Kila mtu anayekifungua, Engracia anaufunga mlango upya, na hakuna mahali pa kwenda kumzuia. Nikasema labda Nerea ataandika kingine. Akasema, "Labda." Maji yakimwagika hayazoleki, na sisi wawili tulikuwa tumeyamwaga kila mmoja kwa ndoo yake.

Kiangazi kimefika tena. Jua likilegea Visi anatoka na viti viwili. Kimoja ni cha plastiki, alikinunua sokoni, na hicho ndicho anachokalia yeye, mahali palepale mama yake alipokuwa anakaa. Pembeni yake anaweka kile cha nyasi. Hatukumuuliza. Anakaa uso wake ukielekea mteremkoni, na gari lolote likipanda kutoka barabara kuu, mazungumzo yake yanakatika mpaka lipite.

Jana alikuja mpwa wa Saturio kutoka Madrid, msichana mpole, kasimama kutwa kwenye treni. Akasalimia wote, akaona kiti kitupu, akakiinamia akae. Visi alifungua mdomo kumwambia. Maneno yakamkwama. Mkono umenyooka hewani, na yule binti anatutazama haelewi amekosa nini.

Basi nikamwambia mimi. "Samahani, mwanangu. Hicho kina mwenyewe."